Wezi wa Pasipoti ya Mwanakombo

Mkataba wa Mwanakombo, yaya kutoka Tanga, ulipokwisha kule Maskati, alimwomba tajiri wake, Nasri, pasipoti yake arudi kwao.

"Imeibiwa," alisema Nasri, ufunguo wa sefu ukimning'inia kiunoni. "Wezi wa siku hizi! Dhahabu wameiacha, wamechukua pasipoti ya yaya. Itabidi ukae tu hapa kwangu."

"Pole sana, tajiri," Mwanakombo alimfariji, akaenda jikoni kwa Bi Shamsa, mke wa Nasri.

"Mama, tajiri kaniambia nisiondoke tena. Samahani kuuliza, huku kwenu mke wa pili hupewa chumba kipi?"

Kumbe wezi wenyewe walikuwa waungwana. Adhuhuri haijaadhiniwa, pasipoti ilisharudi, Bi Shamsa akimfungia Mwanakombo begi, na Nasri akiwasha gari kumpeleka uwanja wa ndege.