Kiti Kimoja Kutoka Kisimani

Kaeni vizuri, na anayetafuna amalize kutafuna. Hadithi yangu ya leo haina sungura wala fisi. Ina watu watatu, kisima cha gesi, na kiti kimoja cha gari. Nawajua nyie, kabla sijafika katikati mtakuwa mmeshatoa hukumu. Subirini.

Kisima chenyewe kilikuwa nyikani. Gesi yake ilinuka yai viza, ndiyo maana hakuna aliyejenga karibu wala aliyepitisha mbuzi. Na harufu ile ni sumu. Ukivuta kidogo unaisikia, ukivuta nyingi pua inakufa ganzi, unadhani hewa imesafika, kumbe ndiyo unakwenda. Chuma nacho hakisalimiki. Gesi hiyo ikikutana na unyevu hukila chuma kikawa cheusi, kikabanduka kama ukoko wa sufuria.

Waliokaa hapo kuyalinda mabomba walikuwa watatu. Tluway, mtu wa Mbulu, alikuwa na pua: alijua maharage yameungua kabla ya aliyekuwa akiyapika. Kokugonza, mwanamke wa Bukoba, alikuwa na sikio: aliegemeza fimbo ya chuma kwenye bomba, ncha ya pili akaiweka nyuma ya sikio, akakwambia ndani kunapita nini. Hashil wa Lindi alikuwa na mkono: nati iliyowashinda wengine ilimtii yeye, na hakuwahi kuvunja hata moja.

Walikuwa na desturi ya kuitana. Anayeshika bomba huitwa jina na mwenzake muda wote anapofanya kazi, naye huitika, "Nipo." Asipoitika, wa tatu, aliyesimama upepo unakotoka, anamvuta kwa kamba. Bila watatu, hakuna kazi. Na simu pale zilishika mtandao kwa kubahatisha, kwa hiyo jina la kila mmoja lilitajwa na watu wawili tu. Walikuwa wapweke, jamani, na hawakuambiana.

Sasa kosa. Bolti za kiungo kimoja cha bomba zilikuwa zimeliwa, wakaomba nyingine. Mtu wa stoo huko mjini, kwa huruma zake, akawachagulia zilizo ngumu kuliko zote. Wakafurahi, wakazifunga. Hata wewe ungefurahi. Lakini gesi ile chuma laini hukikwangua taratibu, ukaona; chuma kigumu hukiingilia ndani kimyakimya, na siku moja kikapasuka. Halafu mkurugenzi akatangaza ziara, nao wakapaka mabomba yote rangi nyeupe, maana mkubwa hapokelewi kwa kutu. Nyufa zikalala chini ya rangi. Na kidude chao cha kupima gesi kilikuwa kimepelekwa kutengenezwa, hakijarudi.

Siku ya ziara wageni walikaa bondeni, chini ya turubai, wakisubiri pilau. Tluway alikuwa akipanga viti. Akasikia yai viza, kidogo tu, kisha harufu ikakatika. Mwingine angesema imepita. Yeye akasimama. "Harufu haijaondoka," akasema. "Pua yangu ndiyo imeondoka. Gesi hii hutulia chini. Pandeni mlimani, upepo unakotoka, acheni sahani." Mkurugenzi akaanza kuuliza maswali. Tluway akamshika mkono kama mtoto akampandisha. Asingekuwa yeye, watu wote wale wangelala palepale na pilau lao.

Kokugonza na Hashil wakavaa barakoa na mitungi ya hewa mgongoni, wakashuka. Viungo vilikuwa vingi, vyote vyeupe, vyote vizuri. Kokugonza akaweka fimbo hapa, akaweka pale, akasikiliza. Kwenye kimoja akasikia chuma kikidata, ta, ta, kama kinachopasuka. Hashil alikuwa ameshainua spana. "Usikaze, kaka Hashil," akasema. "Bolti zimepasuka ndani. Ukikaza zinakatika zote." Spana ikashuka. Asingekuwa yeye, Hashil angekaza, kama fundi yeyote, na kiungo kingewarukia usoni.

Ikabaki kufunga koki kuu ya gesi. Nayo ilikuwa imegandwa na ule ukoko mweusi, na mhimili wake umeliwa ukawa mwembamba. Nguvu zingeuvunja, woga usingeuzungusha. Hashil akaisogeza kidogo, akairudisha, akaisogeza tena. Kokugonza akimwita, "Hashil." "Nipo." "Hashil." "Nipo." Hewa ya mtungi wa Hashil ikaanza kuisha, na mkono wake haukuharakisha. Tluway juu ameshika kamba, hasikii harufu yoyote, macho tu. Koki ikafunga. Asingekuwa Hashil, hao wawili wangejua kila kitu na wasiweze lolote.

Mkurugenzi aliposhuka akasema, "Nina nafasi moja ofisini mjini, na kiti kimoja kwenye gari. Mmoja wenu anaondoka leo. Mbadala ataletwa. Chagueni wenyewe."

Mtu akupe zawadi namna hiyo, umshukuru au umlaani?

Wakakaa kwenye viti vya wageni. Pilau lilikuwa limepoa, na Tluway akala bila kujua kama lina karafuu. Pua yake haikuwa imerudi. "Pua niliyofanyia kazi nimeipoteza hapa," akasema. "Mama yangu amezeeka. Nilitaka hata nisikie moshi wa jiko lake. Sasa hata nikienda sitausikia. Lakini ningekwenda."

Kokugonza akasema, "Mwanangu amejifunza kuongea nikiwa huku. Juzi nilipata mtandao. Akapokea yeye, akamwambia dada yangu anayemlea, 'Mama, kuna shangazi kwenye simu.'"

Hashil aliwasikiliza wote wawili. "Mimi sina wa kunisubiri," akasema. "Mchumba alichoka, akaolewa, na sikumlaumu. Mtasema basi nibaki, sina ninachokosa. Ndivyo wanavyosema ofisini kila mwaka nikiomba uhamisho. Nikizidi kukaa hapa, sitakuja kuwa na mtu."

Hakuna aliyetaja jina lake mwenyewe. Hakuna aliyetaja la mwenzake. Dereva akawasha gari, akafungua mlango, akangoja.

Haya, sasa ni zamu yenu, na nasikia mmeshaanza kunong'ona. Mmoja kapoteza pua kwa ajili ya wageni. Mmoja anaitwa shangazi na mtoto aliyemzaa. Mmoja hana cha kurudia, na ndiyo kilio chake. Ondoa pua, ondoa sikio, ondoa mkono: hakuna hata mmoja ambaye angekuwa hai.

Wewe uliyekaa hapo mlangoni, ungemtaja nani apande? Fikiri kwanza. Pale kisimani jina huitwa ili mwenyewe aitike "Nipo". Utakayemtaja atapanda gari, hataitika tena. Na ukimtaja, litaje jina lake polepole, kwa sababu wale wawili wengine wamekaa palepale, wanakusikiliza.