Asali Chungu ya Bibi Ruzaina

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika bonde moja la Yemen aliishi mjane mcha Mungu, Bibi Ruzaina, aliyelea wanawe kwa mizinga minne ya nyuki. Mwaka mmoja asali yake ilitoka chungu.

Jirani yake Shuraihi, mtu mwenye shaka nyingi, aliionja akaitema. "Umechanganya utomvu wa shubiri humu ili asali iongezeke," akasema, akamshtaki kwa kadhi. Tangu siku hiyo watu sokoni wakawa wananusa vyungu vyake na kumtazama mikono.

Kadhi akamwambia, "Bibi, apa kwamba asali yako haina shubiri, uende zako. La sivyo, hutauza tena."

Bibi Ruzaina akainamisha kichwa. "Mikono yangu naijua, ewe Kadhi, haikutia kitu. Lakini nyuki wangu hufika nisikofika. Siwezi kuapia nisilolijua."

Shuraihi akacheka. "Mnamwona? Kiapo kimemkwama kooni!"

Hata waliomhurumia wakaanza kunong'ona. Kadhi akampa siku tatu alete ushahidi.

Siku ya tatu asubuhi, mbele ya kadhi na mashahidi, Bibi Ruzaina aliwanyunyizia nyuki unga kidogo walipokuwa wakitoka mzingani, wapate kutambulikana. Nyuki weupe wakaipita mikunazi waliyozoea kunyonya maua yake, ambayo kwa ukame haikuchanua mwaka ule, wakavuka ukuta wa Shuraihi. Watu wakaingia nyuma yao. Kando ya ukuta mzima shubiri ilikuwa imechanua. Nyuki wenye unga walizama katika ua hili wakatokea, wakazama katika lile, wakinyonya maji ya maua, miguu yao imebeba vidonge vya chavua.

"Nani aliyeipanda shubiri hii?" kadhi akauliza.

"Mimi," Shuraihi akajibu kwa sauti ndogo. "Nilidhani majirani wanaruka ukuta kuniibia tende. Nikataka miiba iwachome." Kisha akamgeukia mjane. "Nisamehe, Bibi."

Bibi Ruzaina akalia. "Nawe unisamehe, ndugu yangu. Mkeo ndiye aliyenisaidia kukamua masega, na siku tatu hizi nimemshuku kuwa ndiye aliyetia uchungu. Sikumwambia mtu, lakini Mola wangu alinisikia."

Enyi waumini, kabla hatujauliza jirani ametia nini chunguni mwake, tutazame kwanza tulichokipanda ukutani kwetu. Mwenyezi Mungu atusafishie nyoyo.