Mshenga Aliyeruhusu Yote

Waumini wenzangu, sogeeni mbele, nafasi bado ipo. Leo nawapa mfano wa mshenga mmoja.

Alikuwa mama wa makamo, na mji mzima ulimjua. Posa ngapi alizipeleka! Ikikubaliwa, mtasikia vigelegele. Ikikataliwa, hata jirani wa ukuta mmoja hajui kama kuliposwa. Mwenyewe alijivuna, na ilikuwa haki yake. "Miaka ishirini na sita," alikuwa akisema huku akikaza kanga yake, "hakuna binti aliyeaibika kwa mdomo wangu." Na kweli, wallahi. Mama yule alikuwa fahari yetu.

Sasa, watu ni wengi na kichwa kinachoka. Akawa anawahifadhi kwenye simu kwa namna ya kuwakumbuka: "Mama wa kijana mlevi." "Baba wa binti aliyeachwa na watu wa Mtaa wa Juu." Kuna ubaya gani? Simu si yake?

Asubuhi moja akapakua programu ya kutengeneza kadi za harusi. Maua, dhahabu, raha tupu! Programu ikaanza kuuliza. Nione picha zako? Ruhusu. Nitumie maikrofoni? Ruhusu. Nichukue majina yote ya simuni? Aa, ruhusu, nina haraka bwana! Hebu niambieni, kadi ya harusi inataka maikrofoni ya nini?

Kufika alasiri, programu ilikuwa imewakusanya wote waliomo simuni kwenye kundi moja ili iwaalike nao waipakue. Na kila mmoja ameandikwa kwa jina lile lile alilopewa na mshenga.

Baba wa binti akaja mbio, anahema. Nikaha ilikuwa imebaki siku nne.

"Dada, umewaambia wakwe zangu kwamba mwanangu aliwahi kuachwa?"

"Mimi? Sijafungua mdomo, haki ya Mungu!"

Akamwonyesha simu. "Haya basi, nani aliyeruhusu hili?"

Magharibi haijaingia, wakwe wakatuma mtu: harusi haipo tena.

Ndugu zangu, mama yule hakuwa mbeya. Alitoa ruhusa juu ya kitu kisichokuwa chake. Nasi tunasema, "Simu yangu, hiari yangu." Simu ni yako, sawa. Na picha ya dada yako bila mtandio? Na cheti cha hospitali alichokutumia jirani? Hizo ni amana! Sisi ni watu wa kusitiriana tangu enzi za mababu, na najivunia hilo mbele yenu bila haya. Tutaitoa sitara hiyo kwa sababu ya maua ya kwenye kadi?

Programu ikikuuliza, nawe iulize: hiki unakitaka cha nini? Ukikosa jibu la maana, kataa, utembee kichwa juu.

Na wewe unayecheka pale nyuma, mara ya mwisho ulipobonyeza "Ruhusu," ulisoma? Nijibu, maana na mimi nimo kwenye simu yako.