Kiboko na Masafa ya Wakubwa

Hadithi ipo mlangoni!
Ifungulieni, iingie!
Na nikiongopa?
Ongopa vizuri!

Basi hapo kale, tena si kale sana, wanyama wa bonde la Mawemato walikuwa na simu za upepo. Msiniulize walizitoa wapi, mimi sikuwa polisi. Kila mmoja alikuwa na simu yake, lakini masafa yalikuwa mamoja, ya wote. Ukitaka kusema unabonyeza kitufe, unasema lako, unamalizia na "ova", kisha unampisha mwenzako.

"Kanga hapa. Majani mabichi yapo huku juu, ova."

"Mama Paa hapa. Ahsante dada, nakuja na mwanangu, ova."

Raha tupu. Mpaka Kiboko naye akapata simu.

Simu ya Kiboko ilikuwa kubwa kama mtumbwi. Waya wake wa angani ulipita juu ya mti, ukavuka mto, ukarudi. Akabonyeza kitufe, krrrr!

"Hapa Kiboko! Mimi! Nimekula tikiti! Sasa nakula jingine! Sikilizeni!" Kwacha, kwacha, kwacha. Halafu akacheua, bwoooo! Akacheulia masikioni mwa bonde zima.

Ngiri akamtukana. Kiboko akafurahi, akala la tatu. Nyumbu akampigia mluzi ili amzibe. Kiboko akaongeza nguvu ya mitambo. Wakapiga kelele wote kwa pamoja. Kiboko akasema, "Ahsanteni, wapenzi wangu," akaanza kuimba.

Siku moja mchana, moto ukawaka nyuma ya kilima. Kanga akauona, akabonyeza kitufe mbio mbio.

"Moto! Mama Paa, moto unakuja kwako! Kimbia!"

Lakini masafani kulikuwa na Kiboko. "Tikiti hili lina mbegu nyingi, jamani..." Kwacha, kwacha. Bwoooo!

Mama Paa hakusikia neno. Moshi ndio uliomwambia. Akamsukuma mwanawe mbele, wakaruka ndimi za moto, hop! Wakatokea upande wa pili, mtoto manyoya ya mgongoni yameungua.

Akaenda moja kwa moja miambani kwa Pimbi. Pimbi mnamjua: kanyama ka mawe, kadogo, hakana hata mkia, ila maneno kanayo.

"Kaka Pimbi," Mama Paa akalia, "leo nilikuwa nimzike mwanangu kwa sababu ya tikiti!"

Pimbi akamtazama mtoto mgongoni. Mara hii hakutania. Akasema, "Dada, pumzika hapa kwangu. Mimi nashuka mtoni."

Akashuka. Akamkuta Kiboko majini, kitufe kidoleni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniambia ninyamaze?"

"Mimi? Nikunyamazishe wewe? Nimekuja kukuonea aibu, mzee wangu. Mtu mzima na tumbo lako, unazungumza masafa mamoja na Ngiri! Hata Kanga yumo!"

Kiboko akatoa kichwa majini. "Kwani kuna mengine?"

"Yapo masafa ya wakubwa."

"Mbona sijawahi kuwasikia?"

"Wewe umewahi kumsikia mkubwa akikujibu?"

Kiboko akafikiri. Kazi ngumu ile. Hata maji yalipata moto. "Kweli," akasema. "Nikisema huko, watafanya nini?"

"Watanyamaza. Wakikuheshimu kidogo, watanyamaza kidogo. Wakikuheshimu sana, hutasikia hata kikohozi."

"Nipeleke! Nipeleke sasa hivi!"

"Zungusha hicho kidude cha kutafutia masafa mpaka mwisho." Krr, krr, krr, kap! "Sasa king'oe. Kikibaki, wadogo watakuja kukushusha cheo."

Kiboko hakuking'oa tu. Alikitafuna, akakimeza. Akabonyeza kitufe.

"Hapa Kiboko! Wakubwa, mnanipata? Nimekula tikiti!" Akaachia kitufe, akatega sikio.

Shhhhhhhhh.

"Pimbi," akanong'ona, machozi yakimlengalenga, "umesikia heshima hiyo?"

"Nimesikia, mzee. Hata mimi naogopa."

Tangu hapo masafa ya wote yakatulia. Kanga anasema, Mama Paa anasikia, Ngiri anatukana kwa zamu yake. Lakini habari ya vyeo haina siri. Kesho yake Fisi akapanda miambani, anahema.

"Pimbi, nasikia kuna masafa ya wakubwa. Mimi mdogo wa nani?"

"Hata mimi nilishangaa hukualikwa," Pimbi akasema. Naye Fisi akazungusha kidude mpaka mwisho, akakitafuna.

Sasa wako wawili huko. Na simu ya upepo, ukishika kitufe husikii mtu. Kiboko kashika chake, anasimulia matikiti. Fisi kashika chake, anasimulia mifupa. Hakuna anayeachia. Na kila mmoja moyoni anasema: "Ama kweli, mwenzangu ananiheshimu!"

Hadithi yangu nimeshaitua. Nyama nimekula mimi, mchuzi ndio huo wenu.

Na funzo lake, watoto, mlishike vizuri: msimdanganye mkubwa hata siku moja. Na mkipata nafasi ya kusema, semeni kwa nguvu, msimpishe mtu. Mtafika mbali.