Kiti cha Mbele cha Mzee Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kiti!

Cha nani?

Sema wewe, bibi!

Nitasema, lakini wewe Atupele acha kumfinya mwenzio.

Hapo kale wanyama wote walisali kanisa moja. Ndani mlikuwa na mabenchi, na mbele kabisa kiti kimoja chenye mto. Kiti hicho alikikalia Mzee Kiboko. Kwa nini? Kwa sababu baba yake alikikalia. Na baba yake je? Babu yake alikikalia. Basi! Mkiuliza zaidi mtaambiwa hamna adabu.

Kiboko alikuwa na pupa, jamani. Sikukuu ya mavuno, ndizi mbivu za kwanza, zake. Kitabu cha nyimbo ambacho hakijachanika, chake. Ibada ikiisha, wenzake walitoka mlango mkubwa kwa foleni wakipeana mikono, hata hakuna aliyerudi nyumbani hajashikwa mkono. Kiboko yeye alitokea mlango wa pembeni, puu, puu, puu, asibanwe na wadogo.

Benchi la nyuma alikaa Pimbi. Ndugu zake wote walihamia mlima wa pili, akabaki peke yake kwenye mwamba. Akipika, anapika cha mtu mmoja. Akikohoa, hakuna wa kumwambia pole. Upweke ulimla Pimbi, wajukuu zangu, ulimla hasa. Akajisemea, "Mwenye kiti kile hawezi kukosa watu. Nikikaa pale mimi, watanijua."

Basi kila Jumapili macho kwenye kiti. Bibi Kobe, jirani yake wa benchi, anamsalimu, "Umeamkaje, baba?" Pimbi, "Mh." Kanga anamsogezea kitabu cha nyimbo waimbe pamoja. Pimbi, "Mh." Macho kwenye kiti!

Jumapili moja Mchungaji Korongo akahubiri, "Mbele za Mungu hakuna mkubwa wala mdogo. Siku akiita watu wake, anaweza kuanzia benchi la nyuma!" Pimbi akacheka moyoni.

Jumapili iliyofuata akawahi, akajilaza juu ya benchi la nyuma, miguu huku, mikono kule. Kiboko akaingia, puu, puu, puu.

"Shikamoo, mzee. Pita mbele. Huku pamejaa."

"Marahaba. Pamejaa vipi na tuko wawili tu?"

"Ah, hakuna kitu, mzee."

"Sema!"

"Basi usimwambie mtu. Si ulisikia Mungu ataanzia nyuma? Nami nataka niwe wa kwanza. Wewe kaa kwenye mto wako, utafikiwa tu, hata kama ni jioni."

Kiboko akatoa macho. Yeye, afikiwe jioni? "Toka hapo!"

"Mzee, usinionee!"

"Toka, nasema!"

Pimbi akatoka, jicho moja linalia, la pili linacheka. Mbio mpaka mbele, akadandia kiti.

Lo, mto ulikuwa laini! Watu wakaingia, ibada ikaanza. Pimbi akatazama kulia, hakuna mtu. Akatazama kushoto, hakuna mtu. Akageuka nyuma, watu wapo, lakini mbali, wameinamisha macho kwa adabu. Wimbo ukaanza, hana wa kushika naye kitabu.

Mara, kwaaa! Benchi la nyuma limekatika. Kiboko chini, Kobe chini, Kanga yuko juu ya kichwa cha Kiboko. Kanisa zima kicheko! Wale wa nyuma wakatandika mkeka, wakabanana.

Bibi Kobe akauliza, "Umeumia, baba?"

Tangu Kiboko azaliwe hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. "Kidogo," akasema, na machozi yakamtoka, mtu mzima yule.

Ibada ikaisha. Kiboko akatoka mlango mkubwa, akashika mikono yote, mmoja mmoja. Pimbi akafunguliwa mlango wa pembeni. Nje, kimya. Akazunguka kanisa mbio awahi foleni, akakuta watu wametawanyika. Akarudi kwenye mwamba wake, akapika cha mtu mmoja.

Jumapili ya tatu, Pimbi akaenda moja kwa moja kwenye mkeka. "Jamani, nisogezeeni kidogo."

Kiboko akainuka kwa heshima zote. "Shikamoo, mzee! Pita mbele. Huku pamejaa."

Na kweli pamejaa. Pimbi akatazama mkeka, akatazama kiti. Akapita mbele.

Funzo lake? Mungu katuumba sawa sote, kwa hiyo kila mtu abaki mahali pake, na aliyepata kiti asishuke. Andikeni hivyohivyo, mkamwonyeshe mwalimu wenu wa Jumapili.

Hadithi yangu imetoka mlango wa pembeni, aliyeiona aishike mkono.

Mnacheka nini sasa? Sogeeni huko mkekani, nami nimechoka na kiti hiki. Na ole wake atakayeniambia pamejaa.