Cherehani Iliyotoka Kisimani

Mna nini na mimi leo? Meno yenyewe yamebaki manne, nayo nayataka kwa kashata, si kwa kuwasimulia nyinyi. Mkishasikia mtagombana, kisha mje kuniuliza bibi anasimama na nani. Sisimami na mtu, magoti yananiuma. Haya, kaeni. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Palikuwa na Bi Somoe, mshonaji wa Mingoyo, na binti zake watatu. Esha, mkubwa, alikuwa na pumzi: ndoo ikikatika kamba, mji mzima humwita yeye, akazama kisimani akaiibua. Sikujua, wa kati, alikuwa na mkono: sufuria iliyoungua akiisugua, utajitazamia uso. Tabu, kitinda mimba, alikuwa na sikio: kitu kikilia vibaya, yeye husema kinaumwa wapi.

Bi Somoe mwenyewe alikuwa na cherehani ya mkono, ya bibi yake, nyeusi, yenye maua ya dhahabu. Akapooza upande mmoja. Akasema kitandani, "Nikifa, cherehani ni ya Tabu. Ndiye mwenye sikio."

Esha alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Mkubwa ni yeye. Anayemgeuza mama kitandani ni yeye. Na anayerithi ni sikio! Kabla ya adhana ya alfajiri aliibeba cherehani, akaitumbukiza katika kisima cha uani. Kulipokucha akalia kuliko wote: "Wezi wa usiku, mama! Wezi!"

Masika yakapita. Chai ya nyumba ile ikawa na ladha ya msumari, watu wakailaumu mvua.

Bi Somoe akaacha kula. Kijiko kikija, anafumba mdomo. "Sikio lina njaa kuliko tumbo," akasema. "Nataka niisikie cherehani ikilia. Atakayeiliza, ni yake, awe yeyote."

Esha akayapima maneno hayo. Wasia wa Tabu umekufa. Na mama naye anakufa. Lipi lilimsukuma, mwenyewe hakujua, basi mimi nitajua wapi? Akafunga kamba kiunoni akashuka kisimani. Mara ya kwanza akaibuka na matope. Ya pili, damu puani. Ya tatu akaibuka nayo. "Wezi waliitupa humu," akasema, meno yakigongana. Bila pumzi ya Esha, ingekuwa humo mpaka leo.

Lakini lililotoka lilikuwa donge la kutu. Ubao umeoza, gurudumu limeganda, maua yamebanduka. Sikujua akakaa nalo chini: mafuta ya taa, jivu, ndimu, unyoya wa kuku wa kufikia pembeni. Siku kumi na moja. Ngozi ya vidole ikamtoka, akavifunga vitambaa akaendelea.

"Mume huyo, Sikujua?" wakamtania majirani.

"Afadhali huyu. Akikwama, anakubali kupakwa mafuta."

Gurudumu likazunguka. Bila mkono wa Sikujua, lingebaki chuma chakavu.

Likazunguka, ila cherehani haikushona. Tabu akaweka sikio juu ya chuma. "Chini ya sindano kuna kijino kimelika, hakidaki uzi. Nipeni shaba."

Esha, kwa haraka ya kuongeza fungu lake, akafungua pindo la kanga akatoa ufunguo wa mfuniko wa kisima. "Chonga huu, mdogo wangu. Usije ukasema sikutoa." Tabu akachonga kwa tupa, akakosea, akaanza upya, akisikiliza. Bila sikio la Tabu, ingezunguka bubu.

Ikalia. Bi Somoe akanywa uji bakuli zima. "Nani aliyeiliza?"

"Mimi," wakasema wote watatu.

"Mngesugua nini kama si mimi?" akasema Esha.

"Wewe dada ulileta kutu," akasema Sikujua, "hukuleta cherehani."

"Na wewe ulinipa bubu aliyeoga," akasema Tabu.

Mama akaiomba, akaipapasa. Kidole kikasimama. "Shaba hii ya nini?"

"Ufunguo wa kisima, mama. Katoa dada."

Bi Somoe akaigonga shaba kwa ukucha. Kisha: "Kisima hufungwa kila magharibi, kwa ajili ya mbuzi. Na ufunguo huu haukulala ila katika pindo lako. Wezi wa usiku walifungulia nini, Esha?"

Esha akatazama pindo la kanga yake. Lilibaki na mikunjo tu.

"Wasia wangu wa pili siuvunji, cherehani ni ya aliyeiliza," akasema mama. "Ila wewe, siku yangu ikifika, maji utateka. Kuniosha hutaniosha."

Siku ikafika, na mama hakuwa amemtaja mtu.

Haya, msinirukie wote kwa pamoja. Aliyeibua, aliyesugua, aliyechonga: nani aliiliza? Na kabla hamjamkata Esha, jueni alilipa. Binti mkubwa aliteka ndoo saba katika kisima kile kile, akaziweka nje ya pazia, wadogo zake wakazipokea. Akabaki nje, anasikia maji yakimwagika juu ya mama yake. Je, ndoo zile zilifuta kosa lake tu, au zilimnyang'anya na cherehani? Wewe ungempa nani?