Trekta Lililozima Karibu na Kichuguu

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Wengi wetu huitumia methali hii tunapomnyooshea kidole ndugu msaliti au rafiki mnafiki. Lakini anayewashwa akilivua shati na kulikagua mshono kwa mshono, huenda akagundua kwamba kilichomuuma hakikumchukia hata kidogo. Ndivyo ilivyompata mkulima mmoja mwenye trekta kuukuu.

Trekta lenyewe lilikuwa limekula chumvi nyingi. Rangi yake ilibabuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na kiti chake kilikuwa gunia lililokunjwa. Hata hivyo, kuwaka liliwaka. Shida yake ilikuwa kukaa macho. Lilinguruma vizuri, likavuta plau hadi karibu na kichuguu kilichokuwa katikati ya shamba, kisha likakohoa, likatetemeka, likazima. Likipumzishwa na kuongezwa mafuta liliwaka tena kana kwamba halijafanya kosa, kumbe halitafika mbali.

Mvua zilikuwa zimekaribia, na watoto wa mkulima huko mjini walikuwa wameshakaa kikao. Shamba lisipolimwa kabla ya mvua, litakodishwa, trekta litauzwa kama chuma chakavu, na wazee watahamia mjini: baba kwa kifungua mimba, mama kwa kitinda mimba, kwa kuwa hakuna nyumba yenye nafasi ya wote wawili. Watoto waliyasema hayo kwa mapenzi. Mkulima aliposikia, aliiwaza chai yake. Tangu aoe, hakuwahi kunywa chai ya asubuhi bila kumsikia mkewe akimteta kwamba amezidisha sukari.

Kazi ya trekta waliigawana zamani. Mume alishika injini, mke alishika tangi. Bega la mume liliwahi kuteguka, hakuweza tena kuinua dumu, kwa hiyo mkewe ndiye aliyepanda juu ya tairi, akafungua kifuniko, akamimina dizeli na kufunga. Mume hakuingilia kazi ya tangi, kama mke asivyogusa spana.

Basi mkulima aliutafuta ugonjwa kwa utaratibu, maana hakuwa mtu wa pupa. Alifungua chujio la mafuta, akalikuta safi, akalibadilisha hata hivyo. Alilegeza nati za pampu akatoa hewa. Aliupuliza mrija unaotoka tangini mpaka macho yakamtoka pima. Kila alipomaliza, mkewe aliongeza mafuta, trekta likawaka, wakatazamana wakitabasamu. Kisha likazima palepale karibu na kichuguu, na tabasamu nalo likazima.

Aliyemaliza kukagua vyuma huanza kukagua watu. Mkulima alikwenda kwa muuza mafuta akamwambia mbele ya wateja kwamba dizeli yake ina maji. Muuza mafuta alifuta mikono kwa kitambaa, akajibu kwa upole kwamba mafuta hayohayo ndiyo yanayoendesha mashine ya kusaga iliyo jirani, na haijakohoa hata siku moja. Mkulima aliondoka bila kuaga. Jioni, mezani, akamgeukia shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyewahi kuliazima trekta. Akasema huenda ndiye aliyeiharibu pampu na kuficha. Mkewe aliweka kijiko chini. Chakula kikaisha bila utani, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika nyumba ile.

Ikaja habari kwamba kifungua mimba atafika kesho yake na mnunuzi wa vyuma. Mkulima aliamka akaingia shambani tena, lakini trekta lilimzimikia palepale. Mkewe alikuwa amekwenda kuteka maji. Alimngoja, asipomwona akapanda tairini mwenyewe ili walau atazame mafuta yalipofikia. Alikishika kifuniko. Kilikuwa kigumu kana kwamba kuna mtu anakivuta kwa ndani. Alipokizungusha kwa nguvu, tangi lilivuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

Alikaa juu ya tairi akitafakari. Kifuniko kile kilikuwa na tundu dogo juu yake, ili mafuta yanapotoka, hewa iingie kushika nafasi yake. Hewa ikikosa njia, mafuta hugoma kushuka. Akakigeuza. Ndani yake palikuwa na kipande cha mpira wa tairi kilichokatwa mviringo, kikavishwa kitambaa cha koti lake kuukuu na kushonwa ukingo mzima kwa mishono midogo. Hakuhitaji kuuliza mkono ni wa nani. Kola zake zote zilishikwa na mishono ile ile.

Mkewe alifika na ndoo kichwani, akaona alichoshika mumewe. Akaitua ndoo taratibu.

"Nilikishona mvua zilipokwisha," alisema. "Maji yaliingia tangini, ukalala kwenye tope ukiyatoa, ukakohoa msimu mzima. Nikasema hayataingia tena nikiwa hai."

"Na hukulisikia likivuta hewa ulipofungua?"

"Nililisikia. Nilidhani linashusha pumzi. Nikasema maskini, limechoka kama sisi."

Mkulima alicheka mpaka bega likamuuma. Mkewe hakucheka.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Watoto wanakuja kututenganisha, na aliyelikaba koo ni mimi."

Mkulima alishuka, akamshika mkono. "Ulikuwa unakifunika kifua changu, mama watoto. Trekta limeponzeka tu."

Alikata nyuzi moja moja kwa kisu, akaufuta ule mpira mafuta, akautia mfukoni kama kitu cha thamani. Mke akaleta kopo, wakalikata na kulikunja likawa kikofia cha kukinga mvua juu ya tundu, huku hewa ikipita pembeni. Trekta likawashwa. Likakifikia kichuguu, likakizunguka, likaenda zake.

Kifungua mimba alipofika, baba yake alikuwa anamalizia upande wa mbali, na mama ameketi juu ya bamba la tairi akimwelekeza dereva kana kwamba yeye ndiye mwenye leseni. Mnunuzi akauliza chuma chakavu kiko wapi. Kijana alimwacha hapo. Alivua viatu, akaingia shambani kuwapokea wazazi wake.

Siku ya pili mkulima na mkewe walikwenda kwa muuza mafuta. Kwa kuwa alimkosea mbele ya wateja, mkulima aliomba radhi mbele ya wateja, akaeleza kila kitu.

"Kumbe mwizi wa hewa unalala naye?" muuza mafuta akauliza akicheka.

"Ninalala naye," alijibu mkulima, "na sina mpango wa kumshtaki."

Kutoka hapo wakashika njia ya kwa shemeji, maana huko nako kulikuwa na radhi ya kuombwa. Mkulima alitembea polepole kando ya mkewe. Alikuwa amemtafuta mbaya wake dukani na ukweni, ilhali kilichokuwa kikimuuma kilishonwa nyumbani kwake, kwa mapenzi, na mkono uleule uliomshonea mashati. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.